Waliochangia Kichujio

Jumatatu asubuhi Coletha alifika kliniki, akavua kandambili mlangoni na kupanda kwenye mizani. Nesi Mageni aliusoma uzito, akaguna.

"Mama Suzana, umekunywa maji."

"Joto, nesi."

"Joto ni letu sote."

Akamwelekeza kwenye kiti cha dirishani, kile kinachopata upepo kidogo wa feni. Coletha akakaa, akanyoosha mkono wa kushoto. Chini ya ngozi ya mkono huo, mshipa aliotengenezewa na madaktari wa Dar es Salaam ulikuwa unavuma kama nyuki aliyefungiwa kwenye debe. Nesi Mageni akachoma sindano ya kwanza, akachoma ya pili, damu ikaanza kupanda kwenye mpira kuelekea kwenye mashine.

Kliniki ile ilikuwa nyuma ya maduka ya jumla mjini Shinyanga, na ilikuwa na mashine mbili tu. Nitin, mfanyabiashara wa vitambaa, alizinunua India zikiwa zimekwisha kutumika, akazileta kwa ajili ya mama yake, Taramati, figo zake zilipokufa. Daktari Stanslaus alikubali kuziendesha kwa sharti moja: mashine zisikae bure wakati kuna watu wengine wanaokufa kwa figo. Nitin hakubisha. Basi wakaja watu wa Kahama, wa Bukombe na wa Geita, na hakuna aliyetozwa kitu. Na kwa kuwa hawakutozwa kitu, hawakuuliza kitu.

Coletha alikuwa mkulima wa Ushirombo. Alimwacha mumewe na binti yao Suzana kule kijijini, akahamia Kambarage kwa kaka yake Gelasius, kwa sababu mtu wa mashine hawezi kukaa mbali na mashine. Damu yake ilisafishwa Jumatatu na Alhamisi.

Siku hiyo, damu ikiwa katikati ya safari yake, Coletha akakumbuka alivyomzaa Nitin.

Nitin alikuwa amemzidi Coletha miaka kadhaa. Hata hivyo aliikumbuka siku yenyewe vizuri: chumba cha juu ya duka, mvua ikipiga bati, mkunga mwenye mikono inayonukia karafuu, na mtoto akitoka na nywele nyeusi zilizomfunika mpaka mabegani. Aliyakumbuka pia maumivu, nayo hayakuwa kama ya kumzaa Suzana. Yalikuwa yanatokea mgongoni.

Akageuka kwenye kiti cha pili, alipokuwa Taramati mwenyewe, mama mzee mwembamba aliyejifunika sari nyeupe.

"Mama Nitin, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimemkumbuka Nitin alipozaliwa. Alikuwa na nywele."

"Nyingi mno," alisema Taramati. "Mkunga alicheka. Na mimi tangu wiki iliyopita namkumbuka Suzana wako. Anang'ata kucha."

"Nimemkanya mpaka nimechoka."

"Usimkanye. Anang'ata radi ikipiga. Wewe ulikuwa unaharakisha kuanua mahindi, hukumtazama. Mimi nina nafasi, nimemtazama vizuri."

Coletha akafikiri, akaona ni kweli. Wote wawili wakasikiliza mashine.

Kila mgonjwa alitakiwa awe na kichujio chake. Kichujio ni bomba fupi la plastiki lenye nyuzi laini ndani kama nywele. Damu hupita humo ikaacha uchafu, kisha ikarudi mwilini. Waliovitengeneza walikusudia kila kimoja kitumike mara moja kitupwe. Pale kliniki vilioshwa kwa dawa kali iliyowatoa watu machozi, vikatumika tena na tena mpaka nyuzi zikawa nyeusi. Jina la mgonjwa liliandikwa kwenye kipande cha plasta. Lakini vichujio vyote viliogeshwa kwenye karai moja, plasta zikabanduka, zikaelea juu ya maji kama majani. Nesi Mageni alikuwa peke yake, na mgonjwa anayefuata alikuwa amekwisha kukaa. Alichukua kichujio kilicho karibu.

Mgonjwa anayefuata mara nyingi alikuwa Masele. Huyu alikuwa kijana mchimbaji dhahabu kutoka pande za Geita, aliyechoma zebaki kwenye kikaango miaka mingi mpaka figo zikamgomea. Alikuwa mcheshi. Alikaa kwenye benchi la korido akisubiri zamu yake, akiwaambia akina mama wawili kwamba amechoka kuota bei za vitenge.

"Mama Nitin, hiyo doti ya maua mekundu mwaka ule ulimpunja yule mnunuzi."

"Nilijua utaiona," alisema Taramati. "Na wewe shimo lako lina baridi. Nalala na sweta."

Wachimbaji shimo lao huliita duara. Masele alikuwa ameshuka kwenye maduara tangu utoto, na sasa Coletha naye alijua namna ya kushuka kwa kamba, mgongo ukiwa ukutani na miguu mbele. Taramati, akichagua mchele nyumbani kwake, aliinua kila kijiwe juani na kukigeuza, kisha akasema, "Hiki hakina kitu," akakitupa.

Hakuna aliyelifanya jambo hili kuwa kubwa. Gelasius alipoona dada yake hali tena nyama, na jioni anakaanga chapati nyembamba kama karatasi, aliuliza kitu kimoja tu.

"Kanisani utaendelea kwenda?"

"Nitakwenda. Na Mama Nitin atakuja."

Taramati alikuja kweli. Jumapili alikaa benchi la nyuma na sari yake nyeupe, akaitikia misa yote bila kukosea, akapiga ishara ya msalaba kwa vidole vyake vyenye pete. Akitoka hapo alikwenda kwenye hekalu lao kama kawaida. Padre alimsalimia mlangoni, akampa pole ya ugonjwa.

Ndio mwaka ule wa mvua za Elinino. Barabara zilikatika, madaraja yakaondoka na maji, na bomba la mjini likawa linatoa maji ya rangi ya chai. Ndani ya mvua hizo macho ya Masele yakaanza kuwa ya njano.

Kwanza ilikuwa kwenye kona za macho. Baadaye ikaenea mpaka kwenye viganja. Wachimbaji wenzake waliokuja kumtazama walisema dhahabu imempanda machoni, na mmoja akamshauri asilie mbele ya watu, wasije wakayakinga machozi. Masele alicheka, lakini alikuwa ameacha kula. Tumbo lilimjaa. Alikuwa anajikuna usiku na mchana.

Coletha, aliyekuwa na kumbukumbu za Masele, alijua jinsi kijana yule alivyojisikia asubuhi akiamka: mdomo mchungu, upande wa kulia chini ya mbavu kama umewekewa jiwe. Siku moja aliamka akalikuta jiwe lile kwake mwenyewe, na halikuwa kumbukumbu.

Alikwenda kwa Daktari Stanslaus. Daktari alikuwa mtu mwema aliyechoka, mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alimkaribisha kiti.

"Daktari, vichujio vinachanganyika."

"Nani kakwambia?"

"Nakumbuka kushuka kwenye duara. Mimi sijawahi kushuka kwenye duara."

Daktari akavua miwani, akaifuta kwa koti. "Hilo nalijua, Mama Suzana. Wagonjwa wote wanalisema. Ni kero ndogo. Kumbukumbu hazijamuua mtu."

"Kama kumbukumbu zinapita, na kingine si kinapita?"

Daktari akairudisha miwani machoni. Nje mvua ilikuwa inashuka kwenye mtaro.

"Vikija vichujio vipya, kila mtu atapata chake," alisema mwisho.

"Vinakuja lini?"

"Barabara ikifunguka."

"Na mpaka hapo?"

"Mpaka hapo ukikosa mashine wiki moja, unakufa. Unataka nifunge?"

Coletha akasema hapana. Alhamisi alikuja, akavua kandambili, akapanda kwenye mizani.

Masele alifariki mvua zilipoanza kupungua. Alifariki kwenye benchi, akisubiri zamu, ameegemea ukuta kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Hapo ndipo ilipogundulika kwamba hakuna anayejua kwao. Wachimbaji wenzake walimjua kwa jina la utani tu. Nesi Mageni alijua kundi lake la damu. Daktari alitaka azikwe na manispaa.

"Mimi nakujua kwao," alisema Coletha.

Nitin akatoa gari la duka, Isuzu ya kubebea majora ya vitambaa, na dereva wake Maige. Jeneza likalazwa nyuma, likafunikwa turubai. Coletha akakaa mbele. Walipita Kahama, wakapita Ushirombo, na hapo Maige akamwuliza kama angependa kushuka amwone Suzana. Coletha akasema wakirudi. Alikuwa akiogopa mtoto amtazame machoni.

Baada ya Katoro barabara ilikwisha, ikabaki njia. Maige hakuwahi kufika upande ule. Coletha alimwelekeza: pinda kwenye mwembe uliopigwa radi, usipite darajani, limeoza tangu nikiwa mdogo. Alisema hivyohivyo, tangu nikiwa mdogo, na Maige akazungusha usukani. Wakavuka shamba la pamba, wakakuta nyumba ya tope yenye bati jipya upande mmoja. Coletha alilijua lile bati. Aliikumbuka furaha ya kulinunua.

Mama mzee alikuwa uani akianika michembe ya viazi vitamu juu ya mwamba. Coletha akashuka, akatembea kwa hatua ndefu za kiume zisizokuwa zake.

"Mwadila, mayu," alimsalimu kwa Kisukuma, na kwa sauti ya kukwaruza kidogo, kama ya mtu aliyevuta vumbi la mwamba.

Mama aliacha kazi. Alimtazama mwanamke huyu asiyemjua, akalitazama na gari, akaliona turubai.

"Mwadila," aliitikia. Kisha akasema, "Umechelewa. Nilikuwa naona kwenye moyo tangu juzi."

"Barabara, mayu."

"Najua barabara."

Wakamzika jioni hiyo, majirani wakichimba kwa zamu. Baada ya mazishi mama akamketisha Coletha jikoni, akamwekea michembe iliyochemshwa na karanga. Coletha alikuwa amekatazwa viazi na daktari, vingeweza kumsimamisha moyo. Alichukua kipande kimoja, akakitafuna taratibu, na mama akamwangalia akitafuna.

"Ndivyo anavyokula," alisema mama. "Anaanzia pembeni." Kisha, kwa sauti ileile, "Macho yako yameanza."

"Ndiyo, mayu."

"Ugonjwa uliutoa kwake?"

"Sikuutoa kwake. Tuliupata kwenye mashine, yeye na mimi. Labda na yeye kuna aliyemtangulia."

"Hiyo mashine ina mwenyewe?"

"Inaye."

"Ni mtu mbaya?"

Coletha alijaribu kujibu, lakini kila alipomtafuta Nitin kichwani alimwona akiwa na miaka minne, ana surua, amelala kifuani kwake.

"Si mtu mbaya," alisema.

"Basi ni vigumu zaidi," alisema mama, akainuka kuongeza kuni.

Wakati wa kurudi, gari lilisimama Ushirombo. Coletha alimkumbatia Suzana kwa kumfunika uso kwenye kanga yake. Mtoto alimwuliza kwa nini ananukia ubani. Mama yake akasema amekaa na watu wanaochoma ubani.

Aliporudi Shinyanga alimkuta Taramati naye ametoka Nairobi. Nitin alimpeleka huko kwa ndege ndogo kutoka Ibadakuli, mara alipoona weupe wa macho ya mama yake umegeuka. Huko Nairobi wakampima damu, wakasema ni homa ya ini, ile ya aina ya C, inayokwenda kwa damu na kukaa kimya miaka kabla ya kumaliza ini. Walishangaa tu kwamba kwake inakwenda mbio. Waliuliza anasafishiwa wapi damu. Waliposikia, walitazamana.

Nitin hakuwa mtu wa kuchelewa. Barabara zilikuwa zimefunguka. Aliagiza katoni za vichujio vipya, akaziweka kwenye kabati lenye kufuli. Mashine ya upande wa dirisha ikaandikwa jina la Taramati kwa rangi nyekundu, ikazungushiwa pazia, na akaajiriwa nesi wa kuihudumia hiyo peke yake. Wagonjwa wengine wote wakahamishiwa kwenye mashine moja iliyobaki. Karai likabaki lilelile, sasa likiwa na vichujio vingi zaidi ndani yake.

Daktari Stanslaus aliwakusanya kwenye korido, akawaeleza kuhusu homa ya ini bila kuficha kitu. Alisema dawa yake haipatikani hapa. Alisema samahani. Baadhi walimshukuru. Kisha akaitwa wa kwanza kwenye zamu.

Taramati alikuwa akiongea na Coletha kupitia pazia.

"Nimemwambia Nitin awape wote vichujio vyake. Vimo kabatini, vinatosha kuanzia."

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Mama, hayo si maneno yako. Ni damu ya Coletha inayosema.' Akasema zamani sikuwa hivi. Nikimwonea mtu huruma ananiuliza huruma hiyo ni ya nani."

"Na ni ya nani?"

"Nitajuaje, mwanangu? Inauma palepale."

Basi Coletha akaamua kwenda mwenyewe. Alivaa kitenge chake kizuri, akaenda dukani mchana wateja walipopungua. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno. Angesema: Masele amekufa. Angesema: mimi nina mtoto. Angesema: mashine yako ilitupa uhai kwa mkono huu na kutunyang'anya kwa mkono ule, na sasa umekwisha kujua. Alikuwa na hasira nzuri, imara, hasira ya kwao Ushirombo, na aliishika mpaka mlangoni.

Nitin alikuwa ameinama akipima kitambaa. Alikuwa ameota mvi juu ya masikio. Shati lake lilikuwa limekunjamana, kola imesimama upande mmoja. Alipoinua uso, Coletha aliona kovu dogo kwenye kidevu, akakumbuka ngazi aliyoanguka, na damu iliyolowesha sari, na jinsi alivyokimbia naye barabarani bila viatu.

"Mama Suzana, karibu," alisema Nitin. "Kuna shida?"

Coletha akafungua kinywa. Maneno aliyoyapanga yalikuwepo, aliyaona yote. Lakini mkono wake ulikwenda mbele ya maneno, ukavuka meza, ukaiweka sawa ile kola.

"Dikra," alisema, akimwita mwanangu kwa lugha ya nyumbani kwa Nitin, "unakonda. Huli?"

"Nakula, mama," alijibu Nitin, kwa lugha hiyohiyo. Kisha akatambua anaongea na nani. Uso wake ukabadilika. Akaangalia chini, akazungusha fimbo ya kupimia mikononi.

"Vichujio, Nitin," alisema Coletha. Sauti ilitoka ndogo, kama ya mzazi anayemwomba mwanawe aliyekwisha kuwa mkubwa. "Wape na wenzetu."

"Nitaona."

"Utaona lini?"

"Nimesema nitaona, mama."

Coletha alijua hataona. Mama yake Nitin alimjua mwanawe tangu mdogo: akisema nitaona, jambo limekwisha. Akamwambia avae sweta jioni, akatoka. Njiani alilia kwa hasira, kwa sababu hasira ilirudi mara tu alipofika kwenye mtaro, ikiwa nzima kabisa, na haikuwa na mtu wa kumkabili.

Miezi ikapita. Wengine walifariki, na waliobaki walijikuta wakijua nyimbo, magonjwa ya mifugo, na majina ya wajukuu wa watu waliokwisha kuzikwa. Katoni za kabatini zilipungua polepole, kwa kuwa zilikuwa za mtu mmoja.

Zamu ya Masele ilipata mtu. Aliitwa Benedict, katekista wa Bukombe, mtu mpole mwenye miguu iliyovimba. Alikuwa akihudumia vigango vingi, makanisa madogo ya porini, mpaka figo zilipomshinda. Nesi Mageni alimfunga mkanda wa mkono huku akimweleza.

"Utaanza kukumbuka vitu. Usiogope."

"Vitu gani?"

"Vya watu. Ni kawaida."

Coletha, aliyekuwa ametoka kwenye mashine dakika hiyohiyo na bado amebana pamba mkononi, alimwona nesi akiinama kwenye karai na kuinua kichujio. Maji yalikuwa yanachuruzika. Hakikuwa na plasta.

"Nesi, hicho ni changu," alisema.

"Labda."

"Mimi naumwa, nesi. Mtu huyu haumwi ini."

Nesi Mageni alisimama na kichujio mkononi. Alikuwa amekonda naye. "Niambie niweke kipi, Mama Suzana," alisema kwa upole. "Niambie tu, nitaweka."

Coletha aliangalia kabati. Aliangalia kufuli. Alimwangalia Benedict, ambaye midomo yake ilikuwa ya buluu na pumzi inamtoka kwa shida, kama mtu aliyebeba gunia.

"Nisipowekwa leo?" aliuliza Benedict.

Nesi Mageni aliitazama miguu yake iliyovimba. Benedict akanyoosha mkono.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Alhamisi Coletha akasafishwa tena, na kichujio kilichotoka karaini hakuna aliyejua kilikuwa cha nani.

Jumamosi asubuhi alitoka uani kwa Gelasius akaikuta baiskeli ya kaka yake imeegemezwa ukutani. Coletha hakuwahi kuendesha baiskeli. Kwao wasichana hawakufundishwa. Aliishika usukani, akarusha mguu, akaondoka. Ilikwenda sawasawa. Alipita maduka ya Kambarage, akakata kona bila kusimama, akakwepa mbuzi na dimbwi. Miguu yake ilijua kilima kabla ya kukifikia. Kifuani mwake mlikuwa na njia ndefu za msituni, kengele za vigango, na mtu anayeimba peke yake kwa furaha huku akikanyaga pedali, na kwa muda mfupi Coletha naye aliimba.

Kisha akaelewa kwamba, kama Benedict amefika kwake, yeye naye amekwisha kufika kwa Benedict. Akaacha kuimba. Hakushuka. Aliendesha polepole mpaka nyumbani.

Gelasius alikuwa amesimama mlangoni na mswaki mdomoni, akimwangalia anavyofunga breki na kushuka kwa upande mmoja, kama mwanamume.

"Umejifunza lini?" aliuliza.

"Alhamisi," alisema Coletha.

Gelasius akatema povu pembeni, akatikisa kichwa taratibu. "Uwe unaangalia breki ya nyuma," alisema. "Haishiki vizuri."